Atomu Ije Baada ya Swali

Fungua daftari la Sayansi la mwanafunzi wa darasa la saba, au la yule aliyeanza kidato cha kwanza mwezi uliopita, na huenda ukakuta sentensi tatu zimenakiliwa kwa mwandiko safi na kupigiwa mstari: maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi, elementi ni maada isiyoweza kugawanywa kuwa vitu sahili zaidi kwa njia za kikemia, atomu ni chembe ndogo kabisa ya elementi inayoweza kushiriki katika badiliko la kikemia. Mwanafunzi atakusomea zote tatu bila kukosea hata silabi. Ila mwulize kwa nini anaamini kwamba dawati analoandikia limejengwa kwa chembe asizoweza kuziona, naye atakujibu kwamba mwalimu alisema, au kitabu kimeandika. Jibu hilo linanisumbua, na ndilo nataka tulizungumze, walimu pamoja na wazazi mnaowasaidia watoto kazi za nyumbani. Mtoto amekabidhiwa moja ya majibu mazito ambayo binadamu wamewahi kuyapata kuhusu dunia, na hakuna aliyemwonyesha swali lililolizaa. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote ni matawi yake: neno atomu lisitamkwe darasani mpaka wanafunzi wawe wamekwama mahali ambapo bila wazo hilo hawawezi kueleza walichokiona kwa macho yao.

Kukwama huko hakuna aibu, kwa sababu magwiji wa sayansi walikwama hapohapo kwa karne nyingi. Democritus wa Ugiriki alisema kiasi cha miaka 2,400 iliyopita kwamba vitu vyote ni chembe zisizokatika zinazotembea katika utupu, lakini hakuwa na kipimo cha kumthibitishia jirani yake, na wengi wakamfuata Aristotle aliyelikataa wazo hilo. John Dalton, mwalimu wa Manchester, alilifufua mwanzoni mwa karne ya 19 na mwaka 1808 akaanza kuchapisha kitabu chake, kwa sababu mizani ilikuwa imemlazimisha: vitu vilipoungana viliungana kwa viwango maalumu vya uzito, jambo linaloeleweka kirahisi iwapo vinaungana chembe kwa chembe. Hata hivyo, karne ya 19 ilipokwisha, Wilhelm Ostwald, mmoja wa wakemia wakubwa wa Ujerumani, alikuwa bado hakubali kwamba atomu zipo kweli. Kilichomgeuza kwa sehemu kubwa ni punje ndogo zinazocheza majini. Robert Brown alikuwa ameona kwa hadubini, mwaka 1827, kwamba punje zilizotoka kwenye chavua hutikisika ndani ya maji bila kukoma. Mwaka 1905 Albert Einstein akapiga hesabu ya namna punje kama hizo zinavyopaswa kutikisika ikiwa zinagongwa na molekuli za maji, kisha Jean Perrin wa Paris akapima na kukuta hesabu inakubali. Ostwald akakiri mwaka 1909. Mwalimu anayeijua historia hii hatamkemea mtoto anayenyoosha mkono na kusema, "Mimi siamini." Atamwambia kwamba shaka yake ina heshima, kisha atamletea ushahidi.

Ushahidi wa kwanza unauzwa kwenye duka la dawa. Nunua bomba jipya la sindano, la mililita 20, na ile sindano yenyewe iachwe nje ya darasa kabisa. Vuta hewa hadi alama ya 20, ziba mdomo wa bomba kwa kidole gumba, halafu sukuma. Pistoni inaingia, mwenye nguvu anaweza kuifikisha hata nusu ya njia, na akiiachia inarudi yenyewe karibu na ilipoanzia. Rudia kwa maji, ukihakikisha hakuna povu la hewa lililobaki ndani. Safari hii pistoni haiendi, hata akipewa mwanafunzi mwenye misuli kuliko wote. Sasa mpe kila mmoja karatasi, umwambie achore hewa iliyomo ndani ya bomba kabla na baada ya kusukumwa, kana kwamba amevaa miwani inayoonyesha hata kilicho kidogo kabisa. Usidokeze jibu. Pita kati ya madawati uangalie. Wapo watakaopaka bomba lote rangi, hafifu kwanza, nzito baadaye. Wapo watakaochora hewa imekimbilia pembeni. Wachache watatia nukta, zilizotawanyika mwanzoni na zilizosogeleana mwishoni. Bandika michoro yote ubaoni, iliyo sahihi na isiyo sahihi, kisha waache wabishane: ni mchoro upi unaoeleza kwa nini hewa ilibanika na maji yakakataa? Mchoro wa rangi hauna la kusema hapo. Mchoro wa nukta unalo: kati ya nukta na nukta kuna nafasi, na hiyo nafasi ndiyo iliyopungua, katika maji nukta zilikuwa zimekwisha kusongamana. Chembe zimeingia darasani kwa sababu zimehitajika.

Swali litakalofuata ni gumu zaidi, na mwalimu asilikimbie: katikati ya nukta kuna nini? Watoto wengi watajibu kwamba kuna hewa. Joseph Nussbaum na Shimshon Novick waliwahoji wanafunzi wa umri huu nchini Israel na kuchapisha walichokikuta mwaka 1978. Hata waliokubali kwamba hewa ni chembe walishindwa kumeza wazo kwamba baina ya chembe hapana kitu. Waliijaza nafasi hiyo kwa vumbi, kwa mvuke, kwa hewa nyingine. Kosa hili lina mantiki yake. Katika somo lililotangulia tuliinua glasi tukawaambia watoto kwamba glasi tupu haiko tupu, imejaa hewa. Walijifunza vizuri, wakatoka na kanuni kwamba hakuna mahali patupu. Leo tunawageuka na kuwaambia kwamba hewa yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni nafasi isiyo na kitu. Dawa yake ni kuwauliza kwa utulivu: kama kati ya chembe za hewa kuna hewa, hiyo hewa ya pili nayo ni chembe, je, kati ya chembe zake kuna nini? Watacheka, watajaribu tena, watafika ukutani. Jambo hili halimalizwi kwa kipindi kimoja. Lirudie wiki ijayo, na ijayo tena, kwa mfano wa manukato yanayofunguliwa mbele ya darasa na kunusika dawati la nyuma.

Chumvi ifuate baada ya hewa, na hapa Kiswahili chenyewe kinatutegea. Tunasema barafu imeyeyuka juani na sukari imeyeyuka kwenye chai. Neno ni lilelile, matukio ni mawili. Barafu imehitaji joto tu, na kilichobaki ni maji yaleyale. Sukari imehitaji mwenzi, ambaye ni maji ya chai, na imetawanyika ndani yake. Vitabu vyetu navyo hutumia neno hilohilo kwa yote mawili, kwa hiyo ni juu ya mwalimu kuzoeza darasa swali moja fupi kila neno hilo linapotokea: kimeyeyuka peke yake, au kimeyeyuka ndani ya kitu? Bila swali hilo mtoto huondoka akiamini kwamba sukari imegeuka maji. Kisha weka kikombe chenye gramu 200 za maji kwenye mizani, na pembeni yake, juu ya mizani ileile, gramu 20 za chumvi. Kabla hujachanganya, mwambie kila mmoja aandike anachotarajia mizani isome baada ya chumvi kutoonekana tena. Wengi wataandika kwamba uzito utapungua, kwa kuwa chumvi "imeisha". Koroga. Mizani haitikisiki. Mimina maji hayo kidogo kwenye sahani bapa, yaache juani siku mbili tatu, na fuwele nyeupe zitarudi, kama zinavyorudi katika mashamba ya chumvi ya Bagamoyo na ya Gongoni kaskazini mwa Malindi. Chumvi ilikuwapo muda wote, imegawanyika hadi jicho likashindwa kuifuata. Mtoto aliyeandika utabiri wake na kukuta amekosea hatalisahau jambo hilo, na yule aliyepatia atataka kueleza kwa nini. Ndiyo maana nasisitiza kutabiri kwanza.

Watauliza chembe hizo ni ndogo kiasi gani, na kwa swali hilo mwalimu ana hazina ambayo haitumiki ipasavyo. Tumezoea kudhani kwamba ukubwa wa molekuli hupimwa kwa mashine za mamilioni ya fedha tu. Hupimwa pia kwa sinia. Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alimimina mafuta yasiyozidi kijiko cha chai katika bwawa la Clapham, akayaona yakituliza mawimbi madogo na kutanda mpaka kiasi cha nusu eka ikawa laini kama kioo. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1774. Hesabu inayofuata hakuipiga, na tunaweza kuwaachia watoto waipige. Tafuta sinia lenye upana usiopungua sentimita 40, lioshe na kulisuuza mpaka sabuni iishe kabisa, maana sabuni kidogo tu huharibu kila kitu. Tia maji, yaache yatulie, nyunyiza juu yake poda ya watoto, kidogo sana, bila kuipuliza. Chovya ncha ya waya mwembamba katika mafuta, ya zeituni yakipatikana au ya kupikia, ipate kitone chenye kipenyo cha nusu milimita hivi, ukikikadiria kwa rula na kioo cha kukuzia. Gusa maji katikati ya sinia. Poda hukimbilia pembeni mara moja na kuacha duara safi, lenye upana wa kama sentimita 20. Sasa chaki ifanye kazi. Ujazo wa kitone hicho ni karibu milimita za ujazo 0.065. Eneo la duara ni karibu milimita za mraba 31,400. Ukigawanya ujazo kwa eneo unapata unene wa utando wa mafuta: karibu milimita 0.000002, yaani ukikata milimita moja vipande milioni moja, utando ule ni unene wa vipande viwili.

Kwa nini mafuta hayakuendelea kutanda hadi yawe membamba zaidi ya hapo? Kwa sababu utando umefikia unene wa molekuli moja, na molekuli haiwezi kutandazwa kama chapati. Mtoto wa miaka 13 amepima molekuli kwa sinia, poda na rula. Mweleze kwamba molekuli ya mafuta nayo imeungwa kwa atomu nyingi zilizoshikana, kwa hiyo atomu moja ni ndogo zaidi, karibu mara kumi. Majibu ya vikundi hayatalingana. Kimoja kitapata mbili, kingine nne, kingine moja na nusu. Usiyasawazishe. Yaandike yote ubaoni, uwaonyeshe kwamba hakuna kikundi kilichopata sehemu ya mia ya milimita wala sehemu ya elfu, wote wameangukia kwenye milioni. Hilo lina thamani kuliko tarakimu moja iliyonakiliwa kutoka kitabuni.

Elementi nayo inafundishwa vibaya kwa namna ileile, kwa orodha. Kabla ya orodha, mtoto aelewe kwamba jina elementi ni taarifa ya majaribio: hiki tumekichoma, tumekiloweka katika tindikali, tumekipitishia umeme, na hatujapata kukigawa kuwa vitu viwili. Antoine Lavoisier alilichukulia hivyo alipochapisha orodha yake mjini Paris mwaka 1789. Aliandika vitu 33, na kwa macho ya leo baadhi yake si elementi hata kidogo. Mwanga na joto vilikuwamo, na chokaa ilikuwamo. Chokaa ni mfano wetu kabisa. Nyumba za kale za Lamu, za Mombasa na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe kwenye tanuri la kuni. Jiwe likichomwa vya kutosha hutoka jepesi kuliko lilivyoingia, kwa sababu gesi ya kabonidayoksaidi imetoka. Basi jiwe la matumbawe haliwezi kuwa elementi, maana limegawanyika mbele yetu. Na kile kilichobaki tanuruni? Moto wa Lavoisier haukukiweza, ndiyo maana alikiandika, ingawa mwenyewe alishuku kwamba kuna metali iliyojificha ndani. Mwaka 1808 Humphry Davy akatumia umeme, akaipata metali hiyo, ambayo ni kalsiamu, na chokaa ikafutwa. Chokaa mbichi isiyozimwa huunguza ngozi na macho, kwa hiyo haifai kuletwa darasani; kipande cha tumbawe na picha ya ukuta wa zamani vinatosha. Mwanafunzi aliyeipata habari hii anajua kwamba orodha ya elementi hufutwa na kuongezwa kadiri ushahidi unavyokuja. Leo zipo 118, na majina ya nne za mwisho yalipitishwa mwaka 2016.

Baada ya hapo wape vitu wavipange, na uchague vile ambavyo lugha ya sokoni imevichanganya. Sisi huita madini kila kinachochimbwa na kuuzwa ghali. Dhahabu ya Geita ni elementi. Almasi ya Mwadui nayo ni elementi, kaboni ileile iliyomo katika risasi ya penseli na ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gunia la mkaa, tofauti ikiwa ni namna atomu zilivyopangwa. Tanzanaiti ya Mirerani ni kampaundi ya kalsiamu, alumini, silikoni, oksijeni na hidrojeni, na rangi yake ya buluu huletwa na kiasi kidogo sana cha vanadi. Mafundi na wauzaji huita shaba ile nyekundu ya ndani ya nyaya za umeme, ambayo ni elementi, na pia ile ya manjano ya kufuli na vitasa, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Halafu leta magadi, yaleyale yanayolainisha maharage. Kamulia limau juu ya kijiko kimoja cha magadi, povu litafura. Hiyo gesi ilikuwa wapi ndani ya unga mweupe ulio mkavu? Waache wahangaike na swali hilo kwa dakika kumi kamili. Ni swali bora kuliko mazoezi ishirini ya kutofautisha kampaundi na mchanganyiko, kwa sababu linawalazimisha kufikiri kwamba kaboni na oksijeni zinaweza kuwamo ndani ya kitu bila kuonekana kama mkaa wala kama hewa.

Na hapo ndipo kosa kubwa kuliko yote hujitokeza. Watafiti Ruth Ben-Zvi, Bat-Sheva Eylon na Judith Silberstein waliwauliza wanafunzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, kuhusu atomu moja iliyochukuliwa kutoka kwenye waya wa shaba, na wengi waliipa sifa za waya wenyewe. Atomu ya shaba ni nyekundu, inafuliwa kama shaba, inapitisha umeme. Kwao atomu ni kipande kidogo sana cha kitu, kama tone lilivyo maji kidogo. Tumewasukuma wenyewe huko kwa ile sentensi ya daftarini isemayo atomu ni "chembe ndogo kabisa ya elementi", maana mwenye kukatakata muhogo hupata muhogo hadi mwisho. Inabidi kusema waziwazi, na kwa kurudia, kwamba rangi, ugumu, harufu na kuyeyuka ni mambo ya atomu nyingi zikiwa pamoja. Molekuli moja ya maji hailowanishi. Molekuli moja ya maji wala haigandi. Chembe hazivimbi kitu kinapopashwa moto. Zinachangamka na kuachana kidogo. Ongeza hapo tahadhari mbili za msamiati. Neno kiini tunalitumia kwa yai, kwa seli na kwa atomu, na neno chembe tunalitumia pia katika chembe hai za damu. Matokeo yake wapo watoto wanaodhani atomu ina uhai, au kwamba atomu na seli zinakaribiana kwa ukubwa. Sentensi moja inatosha kuwaokoa: seli moja ya mwili imejengwa kwa mabilioni kwa mabilioni ya atomu.

Najua pingamizi zinazongoja. Ya kwanza ni muda. Muhtasari ni mrefu, vipindi ni vichache, na mwalimu anayeanza na bomba la sindano atakuwa nyuma ya mwenzake aliyeandika fasili tatu ubaoni na kusonga mbele. Ni kweli, njia hii inakula vipindi zaidi mwanzoni, na sitawadanganya kwamba ni bure. Lakini fidia ipo. Wazo la chembe ndilo linalobeba hali tatu za maada, uvukizaji, kanieneo ya hewa, kutanuka kwa metali na kila mlinganyo wa kemia utakaofuata. Anayelipata mapema hafundishwi mada hizo kama vitu vipya kila mara. Ukitafuta pa kukata, kata kule kukaririsha alama za elementi 20 za kwanza katika wiki ya kwanza. Orodha hiyo itaingia yenyewe baadaye, hasa ikifundishwa alivyoipata Dmitri Mendeleev, ambaye mwaka 1869 alizipanga elementi zilizojulikana na kuacha mapengo kwa zile alizoamini zipo, akatabiri na sifa zake. Gali ikagunduliwa mwaka 1875, skandi mwaka 1879, jerimani mwaka 1886, zikakaa kwenye mapengo yake. Andika kadi, ficha moja, waambie watoto watabiri kilichofichwa.

Pingamizi ya pili ni mtihani. Mtihani unauliza "atomu ni nini?", kwa hiyo tuwape jibu. Wape, lakini mwishoni mwa mada, wakati kila neno la fasili lina picha nyuma yake. Fasili iliyokaririwa tupu huvunjika mtunga swali akibadilisha maneno mawili, na mitihani ya siku hizi hubadilisha. Huko Kenya mtaala wa umilisi unadai kabisa kwamba mwanafunzi wa gredi ya saba hadi ya tisa aonyeshe anachoweza kufanya. Ya tatu ni wingi wa wanafunzi na ukosefu wa maabara. Nimetaja bomba la sindano, mizani, sahani, sinia, waya, poda, limau na magadi. Hakuna hata kimoja kinachohitaji maabara. Darasa la watoto 80 likigawanywa vikundi vya wanane linahitaji mabomba kumi. Jaribio la sinia lifanywe mbele na kikundi kimoja, wengine wakisogea kwa zamu, na hesabu ifanywe na wote.

Ipo ya nne, na hii naiheshimu zaidi. Husemwa kwamba picha ya nukta ni nusu ya ukweli: atomu si gololi, ina protoni, nyutroni na elektroni, basi kwa nini tusiwape ukweli kamili tangu mwanzo? Jibu langu ni kwamba hata ule mchoro wa elektroni zinazozunguka kiini kama sayari ni nusu ya ukweli, na wanasayansi wameshauacha. Kila mfano una kazi yake na mpaka wake. Nukta zinaeleza kubanika, kutawanyika na kuyeyuka. Hazielezi umeme, na siku mtakapousugua mrija wa plastiki kwa nywele ukavuta vipande vya karatasi, nukta zitakuwa zimefika mwisho wa uwezo wake. Hiyo ndiyo siku ya kumtaja J. J. Thomson aliyeigundua elektroni mwaka 1897, na Ernest Rutherford aliyetangaza mwaka 1911 kwamba atomu ina kiini kidogo mno katikati yake, kidogo kama punje ya uwele katikati ya uwanja mkubwa wa mpira. Alex Johnstone, mwalimu wa kemia wa Glasgow, alionya kwamba kemia inaongea kwa namna tatu kwa wakati mmoja, kwa kinachoonekana, kwa chembe zisizoonekana na kwa alama, na kwamba mwanafunzi mchanga huzama akitupiwa zote pamoja. Chumvi mkononi kwanza. Chembe kichwani baadaye. NaCl ubaoni mwisho.

Na kwa Tanzania kuna suala la lugha ya kufundishia. Mtoto anayejifunza Sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba huhamia Kiingereza kidato cha kwanza, na wapo wanaosema basi hakuna faida ya kuhangaika na maneno maada, elementi na kampaundi yatakayotupwa. Nakataa. Mtoto anayejua kwa nini hewa inabanika na maji hayabaniki atahitaji kubadilisha majina tu, kazi ya wiki chache. Asiyejua atakuwa na kazi mbili juu ya kichwa kimoja: lugha ngeni, na wazo geni ndani ya lugha ngeni. Mwalimu wa kidato cha kwanza anayewaruhusu wanafunzi wabishane kwa Kiswahili juu ya michoro yao ya bomba kwa dakika 20, kisha akawapa maneno ya Kiingereza ya yale waliyokwisha kuyaelewa, hajavunja somo lake. Mzazi naye hahitaji kuwa amesoma kemia. Anahitaji kumwuliza mtoto wake jioni swali moja, "Mmejuaje?", na kumsubiri ajibu.

Kwa kipindi cha kwanza cha mada hii, mwalimu, leta bomba jipya la sindano kwa kila kikundi, kikombe cha maji na karatasi za kuchorea, na ubao uuache mtupu mpaka michoro ya watoto iwe imebandikwa.